Mzee anataka kutupatia shimesikio ishirini, wenzangu hawazitaki

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mchangishaji wa kikundi cha viziwi hapa Tanga mjini. Mwenyewe nasikia, kiziwi ni mdogo wangu wa kiume, na lugha ya alama nimeijua kwa kulea naye. Kikundi kina wanachama 34, wengi mafundi cherehani, maseremala, na akina mama wanaouza mihogo na pweza jioni. Tangu Januari kazi yangu ni kuzunguka: soko la Mgandini, barabara za Ngamiani, Makorora, hadi Deep Sea kwa wavuvi.

Nina mambo matatu. La kwanza, kuna mfanyabiashara mmoja, mtu mzima mwenye heshima zake, anataka kutuletea shimesikio (vile vifaa vya kukuza sauti vinavyovaliwa sikioni) ishirini zilizotumika, kutoka kwa jamaa zake walioko ng'ambo. Anataka zitolewe hadharani, wavishwe watoto viziwi wa shule moja ya hapa, wapigwe picha. Nilipoleta habari kikundini nilitegemea vifijo. Wakakataa. Wanasema wanachotaka wao ni mkalimani wa kwenda nao hospitali, na vyerehani. Mzee anasubiri jibu mwisho wa mwezi huu. Naona aibu: mtu anatoa, nitamwambiaje kwamba hatutaki?

La pili ni pesa. Michango inaingia kwenye namba yangu ya simu kwa sababu tulianza bila akaunti. Tangu mwezi wa kwanza zimeingia 1,386,500. Siku moja nilitoa humo 12,000 za bajaji na bando, nikaandika pembeni ya daftari. Mwanachama mmoja ameliona lile daftari, na sasa wananisema kwa alama hata nikiwa nimekaa nao.

La tatu ni watu wa sokoni. Nikitaja viziwi, mmoja ananipa mia mbili bila kuniangalia usoni, mwingine ananiambia, "Hao bubu wa kadi tumewazoea, matapeli." Sina mshahara, Shangazi, na nimechoka. Naanza kufikiria kuacha.

Mchangishaji, Makorora

*

Marahaba, mwanangu.

Nianze na pesa, maana hilo halingoji mwisho wa mwezi. Zile 12,000 hukuziiba, lakini ulizitoa kabla hazijahesabiwa, na kwa mtu anayekutazama kwa mbali mambo hayo mawili yanafanana. Wachangishaji wengi hujikwaa hapo. Nauli inakatwa kwenye mchango ukiwa bado mkononi, kwa hiyo kiasi kilichotolewa na watu hakilingani kamwe na kiasi kilichofika. Mchango uingie wote kama ulivyo, hadi shilingi ya mwisho, ndipo nauli iombwe na ilipwe kwa hati yenye saini.

Wiki hii nenda ofisi ya kampuni yako ya simu ukiwa na kitambulisho, uombe taarifa ya miamala ya namba hiyo tangu Januari, ichapishwe. Kaeni na kamati, mpite mstari kwa mstari: huu mchango, huu wako binafsi. Rudisha zile 12,000 kutoka mfukoni mwako mbele yao, kisha lete madai ya nauli na bando, waamue. Najua itakuuma, maana ulizitumia kwa kazi yao. Lakini pesa itakuwa imeingia na kutoka kupitia mlangoni, kila mtu akiona.

Baada ya hapo namba yako isipokee tena. Fungueni akaunti ya kikundi yenye watia saini watatu, wawili wao wawe viziwi, na pesa isitoke bila saini mbili. Ombeni na lipa namba yenye jina la kikundi. Mwenye duka akiona jina hilo kwenye simu yake kabla hajabonyeza namba ya siri, shaka inapungua pale pale. Kwa fedha taslimu nunueni daftari la stakabadhi lenye namba za mfululizo na nakala. Ukurasa ulioharibika usichanwe. Upigwe mistari miwili na ubaki humo humo, kwa sababu namba iliyoruka ndiyo mkaguzi ataiulizia. Kisanduku kiwe na kufuli mbili, ufunguo mmoja kwako na mwingine kwa mweka hazina, na kifunguliwe siku ile ile ya kuchangisha mbele ya watu watatu.

Halafu ripoti. Ukibandika karatasi ya hesabu ukutani, umewapa taarifa wale tu wanaosoma vizuri. Viziwi wengi walifundishwa kusoma Kiswahili bila kuwahi kukisikia, wengine shule waliikatisha mapema, na lugha wanayofikiria kwayo ni Lugha ya Alama ya Tanzania. Kila Jumamosi mweka hazina ajirekodi video ya dakika mbili kwa alama: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Simu imchukue kuanzia kiunoni hadi juu kidogo ya kichwa, mikono isikatwe hata inapopanuka. Ukuta wa nyuma uwe mtupu, nguo iwe ya rangi moja isiyofanana na ngozi yake. Dirisha liwe mbele yake. Likiwa mgongoni uso unakuwa kivuli, na katika lugha ya alama uso ni sehemu ya sarufi: nyusi zikipanda, maneno yale yale yanakuwa swali. Video inakula bando, kwa hiyo bando liingie kwenye bajeti kwa jina lake.

Na hao wanaokusema kwa alama ukiwapo, mwanangu, hawajakuficha. Wanasema mbele yako kwa lugha unayoijua. Wajibu kwa lugha hiyo hiyo, kikaoni, karatasi ya miamala ikiwa mezani.

Sasa sokoni. Watu wa kadi, wale wanaogawa kadi za kuomba pesa wakijifanya viziwi, wapo, na wamewaharibia wengi. Huwezi kuwashinda kwa maelezo. Utawashinda kwa namna unavyoingia dukani. Usiende peke yako. Mwanachama kiziwi atangulie na aombe mwenyewe kwa alama, wewe usimame kando, nyuma kidogo, ufasiri. Mwenye duka akikugeukia wewe na kuuliza, "Huyu anashona nini?" usijibu hata kama jibu unalijua. Mfasirie mwenzako, subiri, kisha ulisome jibu lake kwa sauti. Nusu dakika hiyo inatosha mwenye duka kuona kwamba anazungumza na fundi. Mkononi muwe na barua ya kikundi yenye muhuri, ya serikali ya mtaa, na ya afisa maendeleo ya jamii wa kata. Kama mko chini ya CHAVITA, yaani Chama cha Viziwi Tanzania, na ya tawi pia. Kabla ya kuchangisha kwenye mkusanyiko, kwa mfano uwanja wa Tangamano au nje ya Mkwakwani siku Coastal Union inacheza, ulizeni kwanza ofisi ya mkuu wa wilaya juu ya kibali. Neno "bubu" likitokea, mwenzako asahihishe kwa utulivu: "Mimi ni kiziwi." Msibishane zaidi ya hapo.

Acha kabisa kuomba "msaada kwa viziwi". Ombi la namna hiyo sokoni limeshapata bei yake, na bei yake ni mia mbili. Omba kitu chenye jina, idadi na gharama. Chukua karatasi moja, andika juu: "Mkalimani wa siku moja kliniki." Chini yake andika gharama yote, kilichopatikana hadi leo, kilichobaki, na mistari ya majina ya watoaji. Mtu akiona kimebaki kidogo hupenda kumalizia. Kisha, na hili ndilo wengi hawalifanyi, baada ya wiki mbili rudi dukani pale pale bila kuomba chochote. Mwoneshe: siku ile mkalimani alikwenda, wanachama watatu walihudumiwa, pesa yako ilikuwa humu. Mtu wa kadi harudi kamwe. Wewe ukirudi, mwenye duka atajua tofauti bila kuelezwa.

Saa nazo zina maana. Asubuhi mtu ambaye hajauza hata kitu kimoja hatoi, na ukimlazimisha atakukumbuka kwa ubaya. Nenda baada ya alasiri. Deep Sea subiri mnada wa samaki uishe ndipo uzungumze. Boti zikiwa zinaingia kila mtu ana haraka na hakuna aliyelipwa. Siku za mwezi mpevu wavuvi wanaovua dagaa kwa taa hawatoki, kwa hiyo usiwafuate, mfuko mtupu hauna jibu zuri. Ramadhani msichanganye zaka na sadaka kwenye kisanduku kimoja. Zaka ina makundi manane ya wanaostahili, na si kila kiziwi ni fukara. Fundi seremala mwenye wateja wake si wa kuhesabiwa humo. Kaeni na imamu, awaambie ni wanachama gani wanaingia, na hesabu yake iwe na ukurasa wake. Sadaka ina uwanja mpana zaidi. Siku ya Kimataifa ya Lugha za Alama ni tarehe 23 Septemba, na Wiki ya Viziwi huangukia mwisho wa mwezi huo. Barua za kuomba udhamini zitoke Julai. Ikifika Septemba, bajeti ya mwenye kampuni imeshakwenda kwingine.

Kuhusu mshahara: omba nauli ya siku na posho ndogo isiyobadilika, iandikwe kwenye muhtasari wa kikao. Usikubali asilimia ya makusanyo hata wakikupa kwa mapenzi. Mchangishaji wa asilimia huanza kutafuta machozi, maana machozi ndiyo yanayojaza kisanduku haraka. Na chukueni mtu wa pili, mzunguke kwa zamu ya siku tatu tatu. Uchovu wako ni wa mtu anayefanya kazi ya watu wawili, akishukiwa juu yake.

Vyerehani ningeviondoa kwenye michango kabisa. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023, ikarejeshwa 2024. Cherehani kinazalisha, kwa hiyo kinaweza kujilipa. Muone afisa maendeleo ya jamii wa kata, na siku ya kwenda muende na mkalimani, kwa sababu maombi mengi hukwama pale mwombaji anapoulizwa swali asiloweza kulisikia, kisha linaandikwa "hakujibu". Michango ya sokoni ibaki kwa vitu visivyorudisha faida: mkalimani, nauli, bando.

Nimelibakiza la mzee kwa sababu ndilo zito. Wenzako hawajakosa shukrani. Shimesikio hukuza sauti, hairudishi usikivu. Mtu aliyezaliwa na uziwi mkubwa na kukulia kwenye alama, ukimvisha akiwa na miaka thelathini anapata kelele ya bajaji na maumivu ya kichwa, maneno hayatokei. Wao wanajua hilo miilini mwao. Kwa mtoto ambaye bado ana usikivu kiasi, kifaa kinaweza kumfaa sana, hasa akianza mapema, na ndiyo maana sisemi mkatae moja kwa moja. Nasema kifaa kutoka kwenye boksi hakivishwi mtoto mbele ya kamera.

Kwanza mtoto anapimwa usikivu, kila sikio peke yake, na mtaalamu. Sikio linalotoa usaha linatibiwa kabla, maana ukiliziba linazidi kuoza. Halafu inatengenezwa moldi, kile kipande kinachojaa ndani ya sikio: linachukuliwa umbo la sikio lake kwa kitu laini kinachoganda, moldi inachongwa kwa umbo hilo. Moldi ya mtoto mwingine haimfai, kama jino la bandia lisivyoazimwa. Isipokaa sawasawa, sauti inavuja na kurudi kwenye maikrofoni, kifaa kinapiga mluzi darasani kutwa, wenzake wanacheka, na kufikia Ijumaa kimewekwa kabatini. Mtoto mdogo anakua, moldi inabadilishwa kila baada ya miezi michache. Mkubwa, kama mara moja kwa mwaka. Tena kifaa chenyewe kinapangwa kwa kompyuta kulingana na kipimo cha mtoto, kwa programu na kebo za kampuni iliyokitengeneza. Shimesikio ishirini za kampuni sita tofauti ni kebo na programu sita. Sauti iliyopangwa kwa mzee wa Ulaya inaweza kuwa ndogo isifae kitu kwa mtoto huyu, au kubwa kiasi cha kumharibia usikivu aliobaki nao.

Kisha betri. Vifaa vingi vya nyuma ya sikio hutumia namba 13, yenye kibandiko cha rangi ya machungwa, au 675 ya bluu kwa vile vyenye nguvu. Ni betri za zinki zinazofanya kazi kwa hewa: ukibandua kile kibandiko imeshaanza kutumika, hata ukikirudisha. Bandua, iache wazi dakika moja, ndipo uifungie ndani. Namba 13 huishi wiki moja hadi mbili. Tuchukue siku kumi: kifaa kimoja ni betri 37 kwa mwaka, ishirini ni 740, pakiti za sita sita 124. Kwa mfano tu wa hesabu, pakiti ikiwa shilingi 10,000, hiyo ni 1,240,000 kila mwaka, karibu yote uliyokusanya kwa jasho tangu Januari, ili vifaa vya bure viendelee kuwaka. Na betri hizo ziwekwe mbali na wadogo. Mtoto akimeza apelekwe hospitali saa ile ile.

Juu ya hayo kuna hewa yetu ya bahari. Masika ya Tanga yanaingiza unyevu kwenye kimrija kinachounganisha kifaa na moldi, sauti inakatika, mama anadhani kifaa kimekufa. Jasho na mafuta ya nazi ya nywele vinaziba tundu la maikrofoni, nta ya sikio inaziba moldi. Kila usiku betri itolewe, kifaa kifutwe kwa kitambaa kikavu, kilale kwenye kopo lenye mfuniko wa kubana pamoja na vile vifuko vya punje za kukausha vinavyokuja ndani ya viatu vipya. Betri isilazwe humo, inakauka na kufa mapema. Moldi itenganishwe na kifaa, ioshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, ikauke kabisa kabla ya kurudishwa. Nani atamfundisha kila mzazi haya, na nani atarudi kuangalia baada ya mwezi? Kama hakuna jina la mtu, msipokee.

Picha nazo zina sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamhusu mtoto huyu kama inavyomhusu mwingine: mzazi aelezwe picha inakwenda wapi kisha akubali, na anaweza kukataa huku mtoto akihudumiwa vile vile. Mzee apewe heshima yake kwa njia nyingine. Wanachama watu wazima wanaokubali wapigwe picha wakiwa kazini, naye asimame kati yao.

Aibu yako itapungua ukienda na jibu lenye ombi ndani yake. Mpelekeeni ninyi watatu, wewe, mwenyekiti na mweka hazina, msimtumie ujumbe wa simu. Mwenyekiti aseme kwa alama, wewe ufasiri, na karatasi hii mmwachie:

"Mzee wetu, shikamoo. Kikundi kimekaa na kinakushukuru kwa kutukumbuka. Shimesikio tunaomba zisisafirishwe kwanza. Tuletee orodha: kampuni na modeli ya kila moja, ya sikio gani, namba ya betri, na kama kebo zake zipo. Tutaipeleka kwa mtaalamu wa usikivu atuambie ngapi zinafaa kwa watoto waliokwisha kupimwa, na gharama ya moldi na betri za miaka miwili. Zitakazofaa tutazipokea pamoja na gharama hiyo. Wakati huo, jambo tunaloliomba kwako sasa ni mkalimani wa kliniki, siku mbili kila mwezi kwa mwaka mmoja, jumla siku 24. Makisio tumeyaambatanisha, na akaunti ni ya kikundi. Ukipenda, njoo siku ya kwanza ya kliniki ujionee mwenyewe."